Mashine ya sukari yenye kisura: inanifaa mimi, mwanangu ilimtesa

Wanaoniuliza kama mashine hii ya kupimia sukari inafaa, nawajibu inafaa, nunueni. Ila kama nyumbani mna mtoto mdogo, kabla ya yote ingieni kwenye mipangilio mzime vitu viwili: mlio, na kile kisura kinachotokea kwenye kioo.

Mimi ni mshonaji, naishi Tanga, nadunga insulini. Nilichoipendea mashine ni kioo chake. Namba ni kubwa na kina mwanga wake, hata umeme ukikatika nasoma bila kutafuta miwani. Inataka tone dogo tu la damu, ukihesabu moja mpaka tano jibu limetoka. Stripu, vile vipande vyembamba vya kupokelea tone la damu, zinakaa kwenye kikopo chenye kifuniko kinachobana kweli, na kwa unyevu wa huku kwetu hilo ni jambo la maana. Kikopo kikilala wazi, stripu zinaharibika na unasomewa uongo. Mikono nayo inaoshwa kabla ya kupima. Wifi yangu, ambaye hana sukari, alitaka kujaribu akiwa ametoka kumenya embe, kajifuta kwenye kanga tu. Ikasoma 13 (mmol/L, kipimo cha mashine yangu), yaani juu sana. Alivyonawa kwa sabuni, 5.9.

Sasa hicho kisura. Ukishapima, pembeni ya namba kinatokea kijuso. Sukari ikiwa mahali pake kinatabasamu, ikizidi au ikipungua kinanuna. Aliyekibuni nadhani alimfikiria mtu mzima anayependa kupongezwa. Mwanangu wa darasa la tatu hakufikiriwa. Yeye namba haimhusu, anatazama uso. Kikinuna, chai haimpiti kooni. Asubuhi za shule tumbo likawa linamuuma, na ajabu ni kwamba halikumuuma siku ambazo kisura kilicheka. Usiku mashine ikilia tu, yuko mlangoni: "Mama, imenuna?"

Halafu kuna kumbukumbu. Mashine inatunza vipimo vya nyuma pamoja na tarehe na saa, na daktari wangu anaipenda kwa hilo. Kumbe mtoto naye alishavijua vitufe. Dada yake alimkuta chini ya shuka anapekua namba zangu za wiki zilizopita, anatafuta siku aliyonijibu vibaya nilipomtuma dukani. Alikuwa ameshajihukumu kwamba siku ile ndiye aliyenipandisha sukari.

Nilipomsimulia nesi wa kliniki ya kisukari, akaniambia nije naye. Mama mtu mzima, hana haraka. Alimweka mtoto kwenye kiti cha mgonjwa, mimi akanikalisha kwenye benchi.

"Shikamoo."

"Marahaba mjukuu wangu. Mama yako alianza kuugua lini?"

"Sijui."

"Kabla hujazaliwa. Sasa wewe ungemletea vipi?"

Akamweleza kwamba sukari ya mwenye ugonjwa huu hupanda na kushuka kila siku: chakula, dawa, homa, kazi, hata usingizi. Kisha akampa kazi moja, yenye mwanzo na mwisho. Mama akitetemeka na kutoka jasho, yaani sukari imeshuka, mwite dada, leteni sukari vijiko vitatu vya chai kwenye maji, mama anywe, dada apime tena baada ya dakika 15. Akishindwa kumeza au asipoitika, msimpe kitu mdomoni, mkimbilieni jirani. Basi. Usiku si zamu yake. Akamwandikia na 116, namba ya bure ya kusaidia watoto, kama siku moja atakuwa na neno ambalo hataki kuniambia mimi. Hapo moyo uliniuma kidogo, lakini nikanyamaza.

Kuna jambo muuzaji hakulitaja, na wauzaji wengi hawalitaji. Mashine hizi hazisemi namba kamili. Kiwango cha kimataifa, ISO 15197 cha mwaka 2013, kinaruhusu zipishane na maabara kwa hadi asilimia 15 sukari inapokuwa 5.6 au zaidi. Yaani 10 ya maabara nyumbani inaweza kusomeka 8.5 au 11.5. Daktari analijua hilo, anatazama mwenendo wa wiki nzima. Kisura hakijui, kinanuna kwa pointi chache, na mtoto anakosa chai.

Kukizima kunawezekana, ila mahali pa kukizimia pamefichwa, na kijitabu hakina Kiswahili hata mstari mmoja. Binti yangu wa kidato cha tatu ndiye aliyehangaika nacho mpaka akaweza. Kufuta kumbukumbu tumeacha, kwa ajili ya kliniki. Mashine sasa inalala kwenye mkoba wangu wa kushonea, na mkoba una zipu. Tumbo la mwanangu limepungua kuuma. Kuchungulia bado anachungulia, na nesi amesema nimlete tena shule zikifungwa.

Naipa nyota nne. Ya tano wangeipata kama wangeiuza kisura kikiwa kimezimwa, anayekitaka akiwashe mwenyewe. Na mkifika dukani, ulizeni bei ya stripu kabla ya bei ya mashine. Mashine yenyewe wanakupa rahisi, mara nyingine hata kwa ofa. Pesa inaishia kwenye stripu.