Paini yenye pete nyekundu: kupogoa au kupuliza kopa?

Kwanza hakikisha ni Dothistroma, ugonjwa wa kuvu unaoshambulia sindano (majani membamba) za paini. Chuma sindano za matawi ya chini: ncha imekauka, kitako bado kijani, katikati pana pete nyekundu zenye vipele vyeusi. Sindano nzima ikiwa kahawia bila pete, chunguza kiu au wadudu.

Kupogoa kunataka msumeno tu. Ondoa matawi ya chini hadi theluthi ya urefu wa mti ili hewa ipite. Fanya siku kavu, kwani mbegu za kuvu husambazwa na matone ya maji.

Kopa oksikloridi, dawa ya kuvu, haiponyi sindano iliyougua, hukinga mpya. Wanaosema imeshindwa mara nyingi walipuliza masika yakiwa yameshika. Anza sindano mpya zikifika nusu ya urefu wake: gramu 50 kwa bomba la lita 20, ila kibandiko kikisema tofauti, kifuate. Bomba la mgongoni halifiki kilele cha mti mrefu; huo pogoa tu.

Kama ni Pinus radiata, iliyoachwa kupandwa Kenya miaka ya 1960 kwa sababu ya ugonjwa huu, heri uing'oe upande Pinus patula.