Zimamoto wa Muda wa Ireland: Huduma Nzuri, Ajira Yenye Kamba Fupi

Nje ya miji mikubwa ya Ireland, nyumba ikishika moto hakuna kikosi kinacholala kituoni kikisubiri simu. Kituo kimefungwa. Wanaokuja ni fundi bomba, mwenye duka au dereva wa teksi, ambaye peja imemlilia kiunoni akaacha alichokuwa anafanya. Hao ndio zimamoto wa muda: hulipwa posho ya utayari kwa mwaka, kisha malipo ya saa kila wanapoitwa. Tunaipima huduma hii kwa ajili ya msomaji anayeishi huko na kufikiria kujiunga.

Kwa mwananchi: 8 kati ya 10. Moto haujui nani ni wa muda, kwa hiyo gari, mitungi ya hewa na mashine za kukatia vyuma kwenye ajali za barabarani ni vya kazi ileile. Alama mbili zimekatwa kwa sababu ya idadi ya zimamoto wanaofika.

Hesabu yake ni hii. Tangi la kawaida la gari la zimamoto hubeba lita 1,800 hivi. Mpira wa milimita 45 ukitoa lita 450 kwa dakika, maji yamekwisha ndani ya dakika 4. Kwa hiyo wa pampu hawezi kuiacha, na inabidi mtu atafute mto au boza mapema. Wanaoingia ndani na mitungi ni wawili, kamwe si mmoja. Wa nne anabaki mlangoni na ubao: jina, shinikizo la mtungi, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Wa tano ndiye mwenye amri. Wakiwa wanne, mtu mmoja anashika kazi mbili, na mara nyingi ubao ndio unaoumia. Wakiwa watatu, kuingia ndani ni kucheza na roho za watu. Watamwaga maji kutoka nje wakisubiri kituo jirani.

Tena si watu wowote. Asipokuwepo mwenye leseni ya magari makubwa, hata wanane waliofika watabaki kulitazama gari. Ndiyo maana orodha ya majina ukutani hudanganya: inaweza kujaa, na bado Jumanne saa nne asubuhi kituo hakina dereva. Mchana wa siku za kazi ndio shida yenyewe. Ajira zimehamia mijini, nyumba zilizo karibu na kituo zimepanda bei, na mwajiri mwenye wafanyakazi watatu hapendi mmoja wao akurupuke katikati ya kazi. Mzazi aliye peke yake na mtoto mdogo ndiyo basi tena, hata awe hodari vipi.

Kwa mfanyakazi: 5 kati ya 10, na sababu ni kamba fupi inayomfunga karibu na kituo. Mwaka 2018 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisikiliza shauri la Rudy Matzak, zimamoto wa Nivelles, Ubelgiji, aliyetakiwa kukaa nyumbani na kufika kituoni ndani ya dakika 8. Mahakama ikasema kusubiri kwa namna hiyo ni saa za kazi. (Saa za kazi, si lazima mshahara, kiwango cha malipo kiliachiwa sheria ya nchi.) Novemba 2021 ikaja zamu ya zimamoto wa muda wa Dublin aliyekuwa pia dereva wa teksi. Yeye alitakiwa kufika ndani ya dakika 5, zisizidi 10, na kushiriki robo tatu ya miito ya kituo. Kwa kuwa hakufungwa mahali pamoja, aliruhusiwa kazi nyingine na angeweza kuikosa miito mingine, mahakama ilielekea kuona kwamba kusubiri kwake si saa za kazi. Kisheria inaeleweka. Lakini mwenye dakika 5 hawezi kwenda sokoni mji wa pili, wala kunywa bia moja harusini.

Baada ya mgomo wa zimamoto wa muda wa Ireland mwaka 2023, posho ya utayari ilipandishwa kwa takriban robo hadi theluthi. Ni hatua kubwa, ila haimleti dereva saa nne asubuhi.

Kabla ya kujaza fomu, pima njia kutoka nyumbani hadi kituoni saa mbili asubuhi, watoto wanapopelekwa shule, si usiku barabara ikiwa tupu. Pata ruhusa ya mwajiri wako kwa maandishi, ikitaja pia siku utakayochelewa baada ya moto wa usiku kucha. Kisha uliza kituoni mambo matatu: madereva wangapi wapo mchana, miito mingapi kwa mwaka (kituo kimya hulipa posho na kidogo juu yake), na nani anashika nafasi yako ukiwa likizo. Jibu la swali la tatu likiwa "tutaona", jua kwamba wa kuombwa asisafiri ni wewe.