Chai ya kukata tumbo siku 28, mi niliishia siku ya 11

Nyota moja, na hiyo ni ya bodaboda aliyeleta mzigo mpaka getini Kisasa ndani ya nusu saa. Jina la duka silitaji ila kama uko Dodoma na una Instagram ushakutana na matangazo ya aina hii, picha mbili, kushoto tumbo limemwagika kulia kiuno cha nyigu, chini yake KILO 10 NDANI YA SIKU 28, MIMEA TUPU, HAINA MADHARA.

Nilikuwa na kilo 89, harusi ya mdogo wangu Kondoa inakaribia na sare ishakatwa, fundi kanipima mara mbili akaguna. Nikauliza dawa imesajiliwa? Nikatumiwa picha ya cheti fasta, nikaona nembo ya serikali nikatulia, nikalipa 65,000. Kuja kukikuza kile cheti kwa vidole wiki imeshapita kumbe ni cha BRELA, cha jina la biashara! Yaani kilichosajiliwa ni duka, hata ukiuza ndala unakipata. Dawa za asili zina Baraza lake la Tiba Asili na Tiba Mbadala, sheria yake ipo tangu 2002, na kwenye pakiti yangu hakuna namba yao popote.

Haya, chai yenyewe. Tibegi 28, unakunywa usiku, ladha kama maji ya majani makavu. Asubuhi ya pili niko kwenye daladala naenda kazini Mtumba, hatujafika hata Ihumwa tumbo likaanza kuongea peke yake, nikamwambia konda shusha hapa hapa, nikakimbilia choo cha sheli, dada wa pale anasema mia tatu nikampa elfu sikusubiri chenji. Nikamwandikia muuzaji nalia, kanijibu kwa sauti tamuu, "Hongera kipenzi, hayo ndo mafuta yanatoka." Na mimi na digrii yangu nikaamini. Siku ya 5 nikapima kwa kijana wa mzani pale Nyerere Square, 86 na nusu! Nikamtumia muuzaji meseji ya shukrani na vikopa kibao.

Aliyenistua ni shangazi. Alikuja kunitembelea akaona zile tibegi mezani, kachana moja kamwaga kwenye kiganja, kachagua kipande cha jani kanusa. "Mwanangu, si sanamaki hii? Sisi tulikuwa tunanyweshwa tukifunga choo." Nikageuza pakiti, huko chini kabisa kwa herufi za sisimizi wameandika senna, ambayo ndo hiyo hiyo sanamaki kwa kizungu. Sanamaki ambayo wauza dawa za asili wanakupimia kwa hela ya nyanya!

Nikabeba pakiti mpaka kwa mfamasia. Akanieleza taratibu, hii inafanya kazi kwenye utumbo mpana, na chakula kikifika huko mwili ushakinyonya huko juu kwenye utumbo mwembamba, kwa hiyo kinachotoka ni maji na choo, mafuta ya tumbo hayana njia ya kupitia hapo. Na ukiinywa muda mrefu unapoteza potasiamu ambayo moyo unaihitaji, ni dawa ya siku chache, hawa wanakupangia 28. Nikaacha siku hiyo hiyo. Siku tatu za kula kawaida na kunywa maji, mzani 88 na pointi saba.

Ila kilichoniuma zaidi ya choo ni kile kikaratasi cha masharti kilichokuja ndani ya boksi. Usile ugali, wali, chapati, soda, vya kukaanga, usile baada ya saa 12 jioni, tembea dakika 45 kila siku. Sasa jamani, mtu akifanya yote hayo halafu usiku akanywa maji ya moto matupu si atapungua? Akipungua chai imefanya kazi, asipopungua hajafuata masharti. Hawashindwi hawa.

Nilipolalamika uzito umerudi ndo nikaletewa vidonge, 90,000, eti vinakata hamu ya kula na navyo ni mimea tu. Hapo nilishaonywa. Mfamasia aliniambia kuna dawa ya kukata hamu ya kula inaitwa sibutramini, Ulaya na Marekani iliondolewa sokoni 2010 kwa ajili ya matatizo ya moyo na kiharusi, na mpaka leo inakutwa imechanganywa kwenye vidonge vinavyoandikwa mimea. Sisemi vyao vinayo, sijavipima, ila kwa cheti kile cha ndala siviweki mdomoni.

Hela nimeomba irudi nikaambiwa "dada umekatisha dozi", kisha nikablokiwa. Tibegi 16 ziko kabatini, moja shangazi kaichana.

Juzi mfanyakazi mwenzangu kanitumia picha anauliza hii chai vipi, maana ushuhuda wake umemvutia. Nafungua, ni meseji yangu ya siku ya 5, jina limefichwa, vikopa vyangu vyote vipo, hadi pale nilipokosea nikaandika "nimepugua".