ERPNext katika karakana ya sabuni: tathmini baada ya miezi 14

Kwa miezi 14 sasa karakana yetu ya sabuni ya maji, hapa Dar es Salaam, imekuwa ikiendesha stoo na uzalishaji kwa programu ya ERPNext. Wenzangu wenye viwanda vidogo huniuliza swali lilelile: ni kweli inakata stoo yenyewe? Ni kweli. Ila inakata kile ilichoambiwa kwamba kimetumika, na tofauti kati ya hicho na kilichotumika hasa ndiyo iliyotusumbua kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo ndiyo nitakayoizungumzia zaidi.

Programu hii ni ya kampuni ya Frappe ya Mumbai, India, iliyoanzishwa mwaka 2008. Mwanzilishi wake, Rushabh Mehta, aliingia katika kazi hii baada ya mfumo mwingine wa aina hiyo kushindwa katika biashara ya samani ya familia yake, na asili hiyo inaonekana, kwani sehemu ya uzalishaji si kiraka kilichobandikwa juu ya hesabu za duka. Msimbo wake ni huria na hakuna ada ya leseni kwa kila mtumiaji. Unacholipia ni seva na fundi. Tuliitazama pia Odoo ya Ubelgiji, yenye toleo la bure na toleo linalolipiwa kwa kila mtumiaji, tukaiacha kwa sababu ya idadi ya watumiaji wetu tu.

Kazi huanza na orodha ya malighafi, ambayo ndani ya programu huitwa BOM. Sisi tunazo za ngazi mbili. Ya kwanza ni ya pipa: salfoniki na slesi (kemikali za kusafisha na kutoa povu), magadi soda, chumvi, gliserini, rangi, manukato na maji (vipimo vyetu mtanisamehe), na zao lake ni kilo za sabuni ambayo haijafungashwa. Ya pili ni ya chupa: sabuni hiyo, chupa yenyewe, kizibo, lebo mbili na katoni. Msimamizi akifungua oda ya kazi, programu huzidisha kila kitu kwa idadi inayotakiwa na kuonyesha kilichopungua. Malighafi huhamishwa kwa hati kutoka stoo kuu kwenda ghala la kazi inayoendelea, kisha oda inapokamilika, hati moja hupunguza malighafi, huongeza bidhaa zilizokamilika na kupeleka thamani yake kwenye vitabu vya hesabu. Zamani hiyo ilikuwa kazi ya karani ya Jumamosi, na daftari na kikokotoo, kwa uzalishaji wa wiki nzima.

Jambo la kwanza lililotukwaza lilikuwa katoni. Katoni yetu hubeba chupa 12, nasi tulikuwa tumeandika orodha ya chupa 1, kwa hiyo sehemu ya katoni ikawa 0.083, na oda ya majaribio ikagoma kwa sababu kipimo cha katoni kilikuwa kimewekewa sharti la kuwa namba kamili. Njia rahisi ni kuliondoa sharti hilo, nayo ni njia mbaya, maana baada ya mwezi stoo itasoma katoni 211.68 na hakuna mtunza stoo anayeweza kuhesabu desimali za katoni. Tukaandika orodha ya chupa 12 kwa katoni 1, na oda zote zikawa za mafungu ya 12. Oda ya chupa 400 ikawa ya 408. Sabuni ya pipa nayo tunaihesabu kwa kilo, kwa kuwa kilichopo ni mzani. Lita 1 ya sabuni yetu, bila uzito wa plastiki, ina gramu 1,030, na hiyo ndiyo namba iliyomo kwenye orodha.

Sasa niende kwenye vizibo. Katika mipangilio ya uzalishaji kuna kipengele kimoja, ambacho ni rahisi kukipita bila kukisoma, kinachouliza malighafi zikatwe kwa kufuata nini: BOM, au kile kilichohamishwa kwa ajili ya kazi. Chukua oda ile ya chupa 408. Stoo imetoa vizibo 420, saba vimepasuka wakati wa kukaza, vitano vimebaki kwenye ndoo chini ya meza. Ukifuata BOM, programu itakata 408 na kuamini kwamba 12 bado viko katika ghala la kazi inayoendelea. Baada ya oda kumi za namna hiyo itakuonyesha vizibo 120, ambavyo 70 kati yake viko jalalani. Ukifuata kilichohamishwa, itakata vyote 420, isipokuwa vile vitano virudishwe stoo kwa hati. Vikirudishwa, inakata 415, na gharama ya vile saba inabebwa na chupa 408 zilizoviharibu. Tulihamia chaguo hili la pili, nalo lina mzigo wake. Siku ya kwanza mjazaji aliniletea ndoo na kuniuliza, "Kaka, hata hivi vitano navyo niviandikie hati?" Nikamjibu ndiyo, na uso wake niliuelewa vizuri.

Kosa kubwa zaidi lilitoka kwa fundi aliyetusimikia mfumo, ambaye sitamtaja. Aliwasha ruhusa ya salio hasi ili kazi isikwame, na kwa miezi miwili programu ikakubali kila kitu: karani alichelewa kuingiza mapokezi ya mzigo, oda zikafungwa hivyohivyo, na mwisho wa mwezi wa pili lebo zikasoma hasi 1,340. Namba yenyewe inarekebishika kwa hesabu ya stoo. Kisichorekebishika kirahisi ni thamani, kwa sababu kitu kilichotumika kabla ya kupokelewa hakina bei ya kweli, na bei ile ya kubahatisha huingia kwenye gharama ya chupa na kutoka nayo kwenda kwa mteja. Tuliizima ruhusa hiyo. Kelele zilikuwa nyingi kwa wiki mbili, kisha mapokezi yakaanza kuingizwa siku ileile gari linaposhusha.

Ninachokisifu bila kusita ni ulinzi wa fomula. BOM ikishaidhinishwa haihaririwi. Ukipunguza manukato unaandika toleo jipya, na kuna zana ya kulibadilisha katika orodha zote zinazolitumia, huku oda za zamani zikibaki na fomula zilizotengenezewa. Mteja akilalamikia chupa ya miezi mitatu iliyopita, namba ya bachi hunipeleka hadi kwenye dumu la slesi lililotumika. Kiwango cha kuagiza upya nacho hufanya kazi, ila ukaguzi wake ni wa mara moja kwa siku, kwa hiyo kiwango kiwekwe juu kidogo. Hati zenye tarehe za nyuma zinawezekana pia, lakini programu hulazimika kukokotoa upya thamani za miamala yote iliyofuata, na kwenye seva ndogo utasubiri.

Risiti za TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, kwetu bado zinatoka kwenye EFD, mashine ya risiti za kodi, pembeni kabisa na mfumo huu. Kwa anayetengeneza bidhaa mbili tatu na stoo yake anaiona yote akisimama mlangoni, Excel inatosha na sioni sababu ya kumsumbua. Kwa mwenye fomula za ngazi mbili au zaidi, mzani unaoaminika na mtu mmoja mwenye jukumu la kufunga oda siku ileile, ningeipendekeza leo.

Daftari la stoo hatukulitupa. Linaning'inia mlangoni kwa siku ambazo umeme umekatika na modemu imezimika, na karani huingiza yaliyomo kabla ya pipa lingine kufunguliwa.