Kliniki ya vijana Mtwara mjini na matibabu ya anoreksia: tathmini ya mama mdogo

Tathmini hii inahusu kliniki ya vijana iliyomo katika hospitali moja ya mjini Mtwara, ambako binti wa dada yangu, mwanafunzi wa kidato cha tatu, ametibiwa anoreksia, yaani maradhi ya akili ya kujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa, tangu mwaka jana na bado anahudhuria. Mimi ni mama yake mdogo, na mara nyingi ndimi niliyefuatana naye pamoja na mama yake. Hospitali siitaji jina, kwa kuwa katika haya nitakayoeleza yamo malalamiko na mji wetu ni mdogo. Lakini nitaeleza kwa kina kile kilichofanyika, ili mzazi wa Masasi, Newala, Nachingwea au Lindi ajue cha kudai popote atakapompeleka mwanawe. Katika kutibu, kliniki hii ni nzuri kuliko nilivyotarajia. Katika kupokea wagonjwa, na katika kuwatambua vijana ambao hawajakonda, ina safari ndefu.

Kabla ya kufika hapo tulikuwa tumezunguka sana. Katika zahanati ya kwanza alipimwa malaria na homa ya matumbo, akapewa dawa ya minyoo, na kwa kuwa hedhi ilikuwa imekatika, akapimwa mimba bila kuelezwa kitu. Vipimo vyenyewe sivilaumu, kwa maana msichana anayekonda huku kwetu anaweza kuwa na kifua kikuu, kisukari au VVU, na hata kliniki ilihakikisha kwanza kwamba hana magonjwa hayo. Tatizo ni kwamba majibu yote yalipotoka salama tulipewa sirapu ya kuongeza hamu ya kula, tukaambiwa twende nyumbani. Hamu ya kula haikuwa imempotea. Alishinda jikoni akikuna nazi na kukaanga samaki, akawapikia wote, akajua kila kitumbua kimenyonya mafuta kiasi gani, kisha chakula kikishaandaliwa husema ameshaonja wakati wa kupika na ameshiba. Huyo ni mtu mwenye njaa kali anayepigana nayo, na sirapu inayomwongezea njaa humwongezea na hofu.

Tofauti ya kliniki hii ilionekana katika maswali ya mwanzo. Daktari alimuuliza dada yangu kama mwezi wa Ramadhani binti alikula siku ngapi kwa ajili ya hedhi. Dada yangu alifikiri, kisha akajibu kwamba hakula hata siku moja. Alifunga mwezi mzima, na nyumbani kila mtu alimsifu. Daktari akauliza tena habari ya sweta aliyovaa juu ya baibui, maana ilikuwa Novemba, mvua hazijaanza, na kwa joto la Mtwara la wakati huo hata feni haisaidii. Mwili usiolishwa hubana matumizi: hupunguza joto lake, hupunguza mapigo ya moyo, husimamisha hedhi, na huotesha malaika laini mgongoni na mikononi. Sweta ambayo sisi tuliiona kuwa haya ya kisichana ilikuwa baridi ya kweli.

Muuguzi naye alifanya kazi ambayo sijaiona ikifanywa mahali pengine. Alimtaka binti aende haja ndogo kwanza, avue sweta na viatu, kisha akampima uzito akiwa ameipa mizani mgongo, na namba akaiandika bila kuisoma kwa sauti. Nilielezwa sababu baadaye: wagonjwa wengine hunywa maji mengi kabla ya kupimwa ili waonekane wameongezeka, na kwa mgonjwa anayetawaliwa na namba za mizani kila gramu ni vita. Alihesabu mapigo ya moyo na kupima presha akiwa amelala, akarudia akiwa amesimama. Halafu yakafuata maswali matano mafupi yaliyotungwa na madaktari wa London na kuchapishwa mwaka 1999: kama hujitapisha anapohisi ameshiba mno, kama anahofia ameshindwa kujizuia katika kula, kama amepungua zaidi ya kilo sita hivi ndani ya miezi mitatu, kama anajiona mnene ilhali wengine wanamwona amekonda, na kama chakula kimetawala maisha yake. Majibu mawili ya ndiyo yanatosha kumfanya mhudumu achunguze zaidi. Maswali haya hayahitaji mashine wala maabara, na sioni kwa nini zahanati yoyote ishindwe kuyauliza.

Mapigo yake mchana akiwa macho yalikuwa chini ya 50 kwa dakika, na hilo peke yake likatosha kumlaza wodini. Hapa nataka kusema jambo kwa familia ambazo, kama yetu, zingekimbilia kumshindilia mgonjwa sinia la wali na supu ya kuku. Mtu aliyekaa na njaa muda mrefu akilishwa chakula kingi ghafla, madini ya damuni, hasa fosfeti, huweza kushuka kwa kasi na moyo ukasimama. Madaktari waliliona jambo hili kwa waliokuwa wafungwa wa Vita Kuu ya Pili, ambao baadhi yao walikufa baada ya kuokolewa na kulishwa. Kwa hiyo aliongezewa chakula kidogo kidogo, akapewa vitamini B1, na damu ikapimwa mara kwa mara. Kilichonifurahisha ni kwamba wauguzi wa wodi hawakuona mageni: wamezoea kuwalisha kwa tahadhari watoto wadogo wenye utapiamlo mkali, na maarifa yaleyale waliyahamishia kwa msichana wa sekondari. Kilichoniudhi ni kwamba kipimo cha fosfeti hakikuwa kikipatikana kila siku, na kuna siku tulibeba chupa ya damu kwa bajaji hadi maabara ya nje, foleni juu ya foleni, wakati mgonjwa yuko kitandani.

Baada ya kuruhusiwa ndipo ilipoanza sehemu ambayo kwangu ndiyo thamani halisi ya huduma hii. Matibabu waliyotumia yalianzia katika hospitali ya Maudsley, London, miaka ya 1980, na kwa kijana mwenye anoreksia anayeishi na familia yake ndiyo yenye ushahidi mkubwa zaidi. Mzazi haachwi nje ya mlango. Katika hatua ya kwanza wazazi wanashika usukani wa chakula chote: nini kipikwe, kiasi gani kipakuliwe, na nani akae naye hadi sahani iishe. Uzito ukirejea, madaraka hurudishwa kwa kijana taratibu. Na mwishoni ndipo yanapozungumzwa mambo mengine ya ujana, kama masomo, marafiki na mwili wenyewe.

Tuliambiwa tuje na chakula cha mchana, sisi sote, bibi akiwemo. Dada yangu alileta hotpoti ya wali wa nazi, kisamvu na vipande vya nguru. Mshauri, ambaye ni muuguzi wa afya ya akili, alikaa pembeni akatuacha tupakue. Binti alichukua kijiko, akausambaza wali ukafika kingo za sahani, akafunika samaki kwa kisamvu, akakamua tui kwa mgongo wa kijiko na kuliacha litiririke upande mmoja. Ukiitazama sahani kwa mbali ungesema ameshakula nusu. Bibi akasema, "Mwacheni mjukuu wangu, atakula akijisikia." Mshauri akamjibu kwa upole, "Bibi, shikamoo tena, lakini leo tusimwache. Mama, msogelee mwanao, mwambie ale tonge hili." Dada yangu akasogea. Ilichukua muda mrefu, machozi yalitoka, na tonge likaliwa; kisha akaombwa la pili. Hakuna aliyekaripiwa, wala hakuna aliyeulizwa ni nani aliyesababisha. Tangu siku ya kwanza mshauri alisisitiza kwamba hatutafuti mkosaji, na kwamba inayosema "sili" ni maradhi, si tabia ya mtoto. Kwa bibi, ambaye alikuwa na nadharia zake za kijicho na mashetani, maelezo hayo yalikubalika upesi kuliko nilivyodhani. Aliyaelewa maradhi kama kitu kilichomvaa mjukuu wake na kinachopaswa kutolewa, ila safari hii kwa uji wa karanga saa nne na chapati saa kumi.

Nawapongeza pia kwa kile walichokataa kufanya. Hawakutoa vidonge vya kunenepesha. Daktari alieleza kwamba hakuna dawa iliyothibitika kurudisha uzito wa mwenye anoreksia, na kwamba fluoxetine, dawa ya sonona ambayo watu wengi huiulizia, ina nafasi yake zaidi kwa watu wazima wenye bulimia, yaani maradhi ya kula kwa wingi kisha kujitapisha. Aliandika pia barua kwa mkuu wa shule kwamba binti asikimbie mchakamchaka mpaka moyo wake utengemae, na kwamba chai ya saa nne anywe mbele ya matroni. Shule ilikubali la kwanza kwa urahisi, la pili kwa kusuasua. Kwa mwanafunzi wa bweni sehemu hii ni ngumu, na ninamshauri mzazi amtoe bwenini katika hatua ya kwanza kuliko kutegemea bwalo lenye mamia ya sahani.

Sasa malalamiko. Kliniki haina kibao, na dirisha la mapokezi lilitupeleka kwanza kwenye lishe ya watoto chini ya miaka mitano. Benchi la kusubiri liko kwenye korido ya kuelekea maabara, kwa hiyo majirani, walimu na wauza samaki wa Feri wote wanapita wakikusalimia na kuuliza nani mgonjwa. Kwa binti wa miaka kumi na sita anayeficha maradhi yake, salamu hizo ni adhabu. Siku za kliniki ni za asubuhi tu, saa za masomo.

Kasoro kubwa zaidi imo katika bango lao la elimu ukutani, lenye mchoro wa msichana aliyebaki mifupa. Mtu akilitazama ataamini kwamba asiyekonda yu salama. Gerald Russell, daktari wa akili aliyeieleza bulimia mwaka 1979, alionyesha ugonjwa ambao mwenye nao hula kwa wingi bila kujizuia kisha hujitapisha au kutumia dawa za kuharisha, na wengi wa wagonjwa hao wana uzito wa kawaida. Dalili zao ziko kwingine: sugu juu ya vifundo vya vidole vinavyoingizwa kooni, meno yaliyoliwa na asidi, mashavu yaliyovimba chini ya masikio, na kwenda chooni mara tu baada ya kula huku bomba la maji likiachwa wazi. Madini ya potasiamu yakishuka damuni kwa kutapika, moyo unaweza kugoma hata kwa mtu anayeonekana na afya tele. Wapo pia wanaokula kwa mafuriko bila kutapika, na wapo wavulana, wakiwemo wanaoshinda kwenye vyuma vya mazoezi wakijinyima. Wote hao bango halina habari nao, na mhudumu mmoja wa mapokezi alituambia waziwazi kwamba "haya ni mambo ya wasichana wa Kizungu".

Kauli hiyo niliisikia pia nje ya hospitali, na haina msingi. Huko Fiji, ambako kama kwetu unene ulihesabiwa kuwa dalili ya kutunzwa, televisheni ilifika katika eneo la Nadroga mwaka 1995. Uchunguzi wa mtafiti Anne Becker haukumpata msichana aliyekiri kujitapisha ili apungue mwaka huo, na kufikia 1998 waliokiri walikuwa zaidi ya 11 katika kila 100. Mtwara ina simu katika kila mkoba wa shule na chai za kukata tumbo zinazouzwa hadi mlangoni. Anoreksia ni miongoni mwa maradhi ya akili yenye vifo vingi zaidi, na sehemu ya vifo hivyo ni kujiua, kwa hiyo mhudumu anayecheka dirishani anaweza kumpoteza mtu.

Kwa msichana aliyekonda anayeishi nyumbani, nenda bila kusita, ukifika dirishani umuulizie muuguzi wa afya ya akili moja kwa moja badala ya kueleza shida yako mbele ya foleni. Kwa kijana mkubwa mwenye bulimia, uliza kwanza kama yupo wa kumfanyia ushauri wa kubadili fikra na mazoea ya kula, kwa sababu kwake hiyo ndiyo tiba ya mwanzo, na tulipokuwa tukihudhuria mhudumu aliyejifunza kazi hiyo alikuwa mmoja tu, akienda likizo miadi zinasogezwa. Kwa anayezimia, anayesikia moyo unadundadunda, au anayetaja kujidhuru, usisubiri siku ya kliniki. Mpeleke wodi ya dharura, na uwaambie wampime potasiamu na moyo kabla hawajamtundikia dripu ya malaria.