Kitufe cha "Tendua" kilivyokula mikono ya bibi: uzoefu wangu

Nilikuwa nimeshaamua kuipa hii programu ya kuchora pamoja nyota tano. Kweli kabisa. Kwa majuma kadhaa niliisifia mpaka watu wakanichoka.

Sisi ni wanne, kila mmoja yuko kwake. Unafungua turubai, unawatumia wenzako kiungo, na papo hapo vishale vyao vinaanza kuzurura kwenye kioo chako, kila kimoja na jina lake. Mara ya kwanza nilicheka peke yangu kama mwehu. Unachora kichwa, mtu anakivisha kofia hata masikio hujamaliza! Yuko mwenzetu mmoja tunamwita Fundi Mikono, maana vidole, ambavyo wengine wetu tunavificha nyuma ya mgongo wa mhusika, yeye anavichora kama anayeandika jina lake.

Sasa usiku mmoja, si zamani sana, Fundi Mikono alikaa zaidi ya saa mbili juu ya mikono ya bibi anayetunga uzi kwenye sindano. Makunyanzi, kucha, kila kitu. Mimi nilikuwa nyuma kule nahangaika na pazia. Nikakosea mstari, nikabonyeza tendua, kile kitufe cha kufuta ulichofanya mwisho. Mstari upo palepale. Nikabonyeza tena, na tena, kwa hasira. Mara nasikia kwenye simu, "Jamani, vidole vyangu vinakwenda wapi?"

Kumbe tendua yao haijali nani kachora nini. Inafuta kitendo cha mwisho cha chumba kizima! Programu inayojua kazi yake humwekea kila mchoraji historia yake, tendua yangu ifute vyangu tu. Tukakimbilia kitufe cha rudia, kinachorudisha ulichotendua, lakini mwenzetu wa tatu, hana habari, alikuwa ameshaweka nukta moja kwenye kona. Nukta moja tu. Ukishachora kitu kipya baada ya kutendua, cha kurudia hakipo tena. Na programu, kwa bidii yake, ikawa imeshajihifadhi yenyewe juu ya ile kazi nzima.

Nikawaandikia huduma kwa wateja, kwa adabu, naapa. Jibu: "Mpendwa mteja, kitufe kinafanya kazi kama ilivyokusudiwa. Tunawashauri mchore kwa zamu."

Kwa zamu! Programu ya kuchora pamoja inatushauri tuchore kwa zamu! Hata ule mchezo wa mtandao wa Reddit wa mwaka 2017, turubai la pikseli (vinukta vya rangi) 1000 kwa 1000 na watu zaidi ya milioni moja wakifutiana kwa siku tatu, angalau kila aliyeingia alijua kaja vitani. Sisi tulikuja kumchora bibi.

Nyota moja.

Haya, nisiwe mchoyo. Brashi zao ni tamu, ile ya rangi ya maji hasa, na mkono wa mwenzako unauona unavyotembea bila kukwamakwama. Ziwe mbili. Ila nikilikumbuka lile "mpendwa mteja" naichukua ya pili, maana kosa la mashine nalisamehe, la mtu anayenijibu bila kusoma nilichoandika silisamehe.

Mkishindwa kujizuia, kama sisi, basi pakueni nakala kila baada ya nusu saa, tena ile yenye matabaka yote, yaani kila sehemu ya mchoro kwenye karatasi yake. Msipakue picha ya PNG, hiyo inayagandisha yote kuwa moja na hamtaweza kuyatenganisha tena.

Fundi Mikono amekataa kata kata kuirudia. Simlaumu. Sindano ilinusurika kwa sababu aliichora mwanzo kabisa, kwa hiyo bibi yetu amekaa vile, anakodolea macho sindano inayoelea hewani yenyewe, na lile pazia langu nyuma yake bado limepinda.