Peponi: nilikinunua kwa hasira

Hiki kitabu sikukitaka, niwe mkweli. Riwaya ya Abdulrazak Gurnah, aliyepewa Nobel mwaka 2021, tena imetafsiriwa kutoka Kiingereza. Nikajua nakwenda kukutana na kile Kiswahili cha kamusi, ukisoma sentensi mbili unapumzika. Nimeshaungua na tafsiri za namna hiyo.

Dukani nilikipindua tu nione nyuma kimeandikwa nini. Muuzaji akanitazama kuanzia kandambili hadi kilemba, akasema, "Dada, hicho hutakiweza. Vya mapenzi vipo pale." Mbele za watu! Nilikuwa natoka mwaloni Kibirizi, nanuka dagaa, sawa. Ndiyo nisijue kusoma? Nikalipa bila hata kuomba apunguze. Nikimkumbuka mpaka leo moyo unanienda mbio.

Usiku nikakifungua. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anapandishwa treni na tajiri Aziz, anadhani ni mjomba wake. Wakifika pwani, Khalil wa dukani anamfumbua macho: huyu si ndugu yako, umewekwa rehani kwa deni la baba yako. Nikafunga kitabu kwanza. Hapa Kigoma nimeona watu wakiweka rehani injini ya boti, nimeona shamba. Mtoto?

Kesho yake nikamsomea mama tukichambua dagaa. Habari za tuzo hakuniuliza. Aliuliza, "Huyo baba alikuwa anadaiwa kiasi gani?" Nasonga kurasa kumi, anaacha kuchambua, ungo mapajani: "Lakini hujanijibu, kiasi gani?"

Na katika yote hayo hakuna neno aliloniuliza maana yake. Hapo nilimvulia kilemba Ida Hadjivayanis aliyekitafsiri. Wafanyabiashara wanapigana vijembe kama wazee wa Ujiji barazani. Msafara wa Aziz ulipovuka ziwa kwenda kwa mtawala Chatu, huko Marungu, mama akanyoosha kidole kusini, ng'ambo ya pili: "Si kule?"

Mwisho ndio ulioniudhi. Siusemi, msome wenyewe. Ila Yusuf kufanya vile, baada ya yote aliyoyaona! Nilikirusha kitandani nikaapa nakipa nyota tatu, hata tatu nyingi. Asubuhi nikaurudia ukurasa ule. Nikajiuliza, mtoto ambaye wazazi wake walimtoa kama kikombe cha shaba, angekimbilia kwa nani? Nikakipa tano.

Yusuf bado namkasirikia. Na mama kasema jioni tuanze tena, kutoka pale kwenye treni.